Tunamlinda Nani Sebuleni?

Popote ulipo, jikoni, dukani au safarini, nakuomba unipe sikio lako, hasa kama nyumbani kwako kuna mtoto anayetambaa, anayejifunza kusimama kwa kushika samani, au aliyeanza kupanda kila anachokiona.

Ingia sebule za watu wengi wenye umeme, mjini au kijijini. Televisheni imefunikwa kitambaa cha kufuma. Rimoti bado iko ndani ya nailoni yake ya dukani. Sabufa imepandishwa juu ya kabati, na king'amuzi kimesukumwa nyuma kabisa. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: huyu mtoto ataharibu vitu. Siwalaumu wanaojibu hivyo. Vitu hivi vimenunuliwa kwa kudunduliza, vingine kwa mkopo wa kikoba, na kila mtu ana haki ya kutunza mali yake. Lakini tazama vizuri mpangilio huo. Wote umewekwa ili kukilinda chombo dhidi ya mtoto. Ni nadra kukuta sebule ambayo mtu ameketi akajiuliza namna ya kumlinda mtoto dhidi ya chombo. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Msemo huu una mahali pake: mtoto mkaidi atajikata kidole, atalia, kidonda kitapona na fundisho litabaki. Sebuleni, hata hivyo, kuna vitu visivyoacha nafasi ya fundisho. Televisheni nzito ikimwangukia mtoto kichwani, hakuna somo analopata. Betri ndogo ikimkwama kooni, hakuna kesho ya kumwambia, "Si nilikukataza?" Tena mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana namna ya kulishika katazo. Ukisema "usiguse" atasita kidogo, atakutazama usoni, kisha mkono utarudi palepale, kwa sababu kugusa, kuvuta na kutia mdomoni ndiyo njia yake ya kuujua ulimwengu. Ukimchapa, atajifunza kukuogopa wewe, na hatari itabaki ilipokuwa. Kwa hiyo kazi hii ni yetu sisi watu wazima, na tunaifanya kwa kukipanga upya chumba.

Tuanze na uzito.

Nyumba nyingi bado zina zile televisheni tunazoziita TV za chogo. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipomaliza kazi hiyo mwaka 2015, chogo hazikutupwa. Zilifungiwa ving'amuzi zikaendelea na kazi. Chogo ya inchi 21 ina uzito wa kilo 20 au zaidi, na ya inchi 29 hufika kilo 40. Sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, kwenye kioo kinene, upande uleule anaosimama mtoto. Hivyo akiivuta kidogo tu, inakuja yenyewe. Siku familia inaponunua TV bapa, chogo huhamishiwa chumbani na kuwekwa juu ya kabati la nguo au meza ya vipodozi, samani ambazo hazikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Huko chumbani watoto hucheza bila mtu mzima kuwaona.

Hizi bapa nazo zina hatari yake. Ni nyepesi, lakini zimesimama juu ya miguu miwili myembamba, na nyingi huwekwa ukingoni mwa meza ili zionekane vizuri. Mtoto akishika ukingo wa chini ili asimame, au akivuta waya unaoning'inia, inalala kifudifudi juu yake.

Halafu kuna droo. Droo za kabati la TV zikivutwa zote, kwa mtoto hizo ni ngazi. Anakanyaga ya kwanza, anakanyaga ya pili, na kumbe kila droo inayotoka nje inauhamisha uzito wa kabati zima kuja mbele. Kabati linapinduka na kila kilicho juu yake. Na nini kimempandisha? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Tumeweka rimoti juu ya televisheni, au pipi, au mdoli tuliomnyang'anya asubuhi. Tumeweka chambo juu, kisha tunashangaa mtoto kupanda.

Marekani, ambako mamlaka ya usalama wa bidhaa huzifuatilia ajali hizi kwa karibu, ilianzishwa kampeni ya kitaifa mwaka 2015 kuwahimiza wazazi wafunge televisheni na makabati ukutani. Sisi hatuhitaji kusubiri kampeni. Mafundi tunao, na ujuzi tunao. Nenda kwenye baa au kibanda cha kuonyeshea mpira: televisheni imefungwa juu ukutani, imezungushiwa nondo na kutiwa kufuli, kwa sababu mwenye biashara anamhofia mwizi. Fundi yuleyule wa kuchomelea aliyetengeneza kile kizimba anaweza kukutengenezea breketi ya nyumbani. TV bapa karibu zote zina matundu manne ya skrubu mgongoni, yaliyowekwa kwa ajili ya breketi. Fundi atoboe ukuta kwa drili, atie vile vizibo vya plastiki vinavyoishika skrubu, na ahakikishe skrubu imeingia kwenye tofali lenyewe, maana lipu peke yake haibebi mzigo.

Najua wapo watakaosema, mimi ni mpangaji, na mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe. Wengine nyumba zao ni za udongo, na skrubu haishiki. Kwenu ushauri ni huu. Televisheni ikae chini, juu ya meza pana, fupi na nzito, isogezwe nyuma hadi karibu na ukuta. Ifungwe kwenye meza yenyewe kwa mkanda imara unaopita kwenye matundu yale ya mgongoni. Vitu vizito vikae kwenye droo za chini, na droo zifungwe. Juu ya televisheni kusiwekwe kitu chochote. Na ile chogo iliyoko juu ya kabati la nguo, ishusheni leo, hata ikibidi ikae sakafuni.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha amani kuliko yote. Kwa ukubwa wake ni dogo kabisa, maana lina upana wa sentimita 2.

Rimoti nyingi za televisheni na ving'amuzi hutumia betri mbili ndefu nyembamba tunazozijua. Lakini rimoti zile bapa, nyembamba, zinazokuja na sabufa za bei nafuu, redio ndogo za flashi na taa za rangi, hutumia betri ya duara, yenye kung'aa, ambayo wengi huiita betri ya saa. Ukiigeuza utaona imeandikwa CR2025 au CR2032. Tarakimu mbili za kwanza ni upana, milimita 20. Mbili za mwisho ni unene, milimita 2.5 au 3.2. Ni betri za lithiamu zenye volti 3, na upana huo ndio unaozifanya zikwame kwenye umio wa mtoto mdogo, ile njia ya chakula inayoshuka kutoka kooni.

Watu wengi hudhani ubaya wa betri ni sumu inayovuja. Betri hizi huanza kuunguza hata bila kuvuja. Ikikwama kooni, nyama laini na mate ya mtoto huziunganisha pande zake mbili, na umeme unaanza kupita. Umeme huo hubadilisha kemikali za majimaji pale ilipokwama na kuzalisha magadi makali yanayoila nyama. Ndani ya saa 2 tu umio unaweza kuwa umeungua vibaya. Baadaye tundu linaweza kutoboka hadi kwenye njia ya hewa au kwenye mshipa mkubwa wa damu, hata siku kadhaa baada ya betri kutolewa. Na betri iliyoishiwa nguvu za kuendesha rimoti bado ina nguvu za kutosha kuunguza. Ile uliyoitupa dirishani kwa sababu imekufa bado ni hatari kwa mtoto atakayeiokota uani.

Mbaya zaidi ni kwamba dalili zake hufanana na magonjwa ya kila siku. Mtoto anatokwa na udenda, anakataa kula, anakohoa, anatapika, anapumua kwa mkoromo, au ana homa kidogo. Mama anadhani ni mafua, au meno, na anampa dawa ya kikohozi. Kwa hiyo, msikilizaji, ukiona dalili hizo na rimoti haina betri, au betri uliyokuwa umeiweka mezani haionekani, chukulia kwamba mtoto ameimeza. Usisubiri kuhakikisha.

Mpeleke hospitali yenye eksirei, na mweleze daktari wazi: nashuku amemeza betri. Kwenye picha, sarafu na betri hukaribiana sura, lakini betri mara nyingi huonyesha duara ndani ya duara. Ukilitaja neno betri, daktari atajua cha kutafuta na atajua kwamba kila dakika ina thamani. Ikiwa zahanati ya karibu haina eksirei, usikae kwenye foleni yake. Omba rufaa na uondoke mara moja. Ikiwa betri imekwama kwenye umio, itatolewa kwa kamera maalumu inayopitishwa mdomoni, na si kila hospitali inayo.

Usimtapishe. Usimpe maziwa kwa kudhani yataua sumu. Usimlishe ugali au ndizi ili "ishuke". Kuna kitu kimoja tu ambacho wataalamu wa sumu nchini Marekani wanakiruhusu, kufuatia utafiti uliochapishwa mwaka 2018: asali. Ikiwa mtoto ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12 tangu ameze betri, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali huifunika betri na kupunguza ukali wa yale magadi. Haiponyi, na haichukui nafasi ya hospitali. Kama asali haipo, usiende kuitafuta. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyowadhuru watoto wachanga. Na betri iliyoingizwa puani au sikioni nayo ni dharura ileile. Usitie matone ya dawa wala maji, nenda hospitali.

Dunia imeanza kuamka. Australia iliweka masharti ya lazima ya betri hizi kuanzia Juni 2022. Agosti mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria iitwayo Reese's Law, iliyopewa jina la mtoto wa miezi 18 wa Texas aliyefariki Desemba 2020 baada ya kumeza betri iliyotoka kwenye rimoti. Sheria zote mbili zinadai kitu chepesi kabisa: mahali pa betri pasifunguke kwa mikono ya mtoto. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya sauti na picha, IEC 62368-1, nacho kinataka kifuniko kifunguliwe kwa bisibisi, au kwa vitendo viwili tofauti vinavyofanywa kwa wakati mmoja. Ile rimoti bapa ambayo kidroo chake huchomoka kwa ukucha, nyumbani kwenye mtoto mdogo haina mahali. Unaponunua sabufa, mwambie muuzaji akufungulie boksi, shika rimoti, jaribu kuitoa betri. Ikitoka kwa urahisi, mrudishie mwambie sababu. Kama tayari unayo nyumbani, ifunge kidroo hicho kwa gundi ya karatasi iliyozungushwa mara kadhaa, uiweke mahali pa juu palipofungwa. Sabufa yenyewe ina vitufe vyake. Utaishi bila rimoti hiyo mpaka mtoto akue. Betri iliyokwisha, ivishe gundi ya karatasi pande zote mbili kabla ya kuitupa, na uitupe mahali ambapo watoto hawachakuri.

Tuhamie kwenye umeme. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, na soketi zetu za pini tatu zilibuniwa Uingereza kwa kumfikiria mtoto. Yale matundu mawili ya chini yana vifuniko vidogo kwa ndani. Pini ndefu ya juu ikiingia ndiyo inayovisukuma vifunguke. Mtoto akichokoa tundu la chini peke yake kwa msumari, vifuniko vinamzuia. Sasa fikiria tunachofanya tunapokuwa na chaja au deki yenye plagi ya pini mbili. Tunachukua kalamu au kijiti, tunakichomeka kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, tunaingiza plagi. Tumeivunja kinga, na tumefanya hivyo mbele ya mtoto anayeiga kila kitu. Nunua adapta ya pini tatu. Gharama yake ni ndogo. Zile ekstensheni zenye matundu yanayopokea plagi za kila aina, nyingi hazina vifuniko vyovyote ndani. Kama huna budi kuitumia, ifunge nyuma ya kabati, mbali na mikono na mbali na mahali maji yanapomwagika. Usinunue vile vizibo vya plastiki vya kuchomeka kwenye soketi za pini tatu ukadhani umejikinga. Uingereza, idara ya afya ilionya mwaka 2016 visitumike, kwa sababu vinaweza kuzidhuru soketi na kuviacha wazi vifuniko vyake vya ndani.

Ukiwa na uwezo, mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie kwenye ubao wa saketi breka kile kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kupitia mwili wa mtu. Kwa nyumbani, omba cha miliampea 30. Kina kitufe cha kukijaribia. Kibonyeze mara kwa mara uone kama bado kinakata.

Waya za king'amuzi, antena na spika zisining'inie mbele ya meza. Zikusanye nyuma, uzifunge pamoja kwa vipande vya kitambaa. Waya unaoning'inia huivuta televisheni chini, na unaweza kumzunguka mtoto shingoni. Na kile kitambaa cha kufuma kiondoe juu ya king'amuzi na sabufa vinapofanya kazi. Vifaa hivyo hutoa joto kupitia matundu yake, na vikifunikwa huchemka, hufupisha maisha yake na vinaweza kuleta moto.

Kuna jambo linalosahaulika: chogo mbovu iliyofunguliwa na kuachwa barazani ikimsubiri fundi. Kioo chake hufanya kazi kwa umeme wa volti 20,000 na zaidi, na sehemu ya umeme huo inaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomolewa. Hiyo si kitu cha watoto kuchezea. Ifungwe, au iondolewe nyumbani kabisa.

Sauti nitaigusa kwa ufupi. Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, wameweka kikomo cha usalama kwa watoto: desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Nyumbani hatuna kipimo cha desibeli, lakini tunaweza kujipima. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye mbele yako akusikie, sabufa imezidi. Na umeme unapokatika, zungusha kitufe cha sauti hadi chini kabla ya kuondoka, kwa sababu umeme utakaporudi usiku, spika italipuka kwa kelele ileile ya mchana, na pengine mtoto amelala karibu yake.

Msikilizaji, kazi hii haimalizwi na mtu mmoja. Baba aliyenunua sabufa huondoka alfajiri. Anayeshinda na mtoto ni mama, bibi au dada wa kazi. Mwonyesheni dada betri ile, mwelezeni dalili zake, na mpeni ruhusa ya kukimbilia hospitali bila kusubiri simu yenu ipokelewe. Waelezeni na kaka na dada wakubwa wa mtoto, maana wao ndio hubadilisha betri za rimoti na kuziacha kwenye kochi. Na mkumbuke kwamba mitaani kwetu televisheni ya mmoja ni ya watoto wa nyumba nzima. Jioni ya katuni sebule yako inajaa watoto ambao hukuwazaa, na wote hao wanategemea skrubu ulizofunga.

Kwa wenye maduka na waagizaji, nasema hili kwa moyo wote: rimoti yenye skrubu moja ndogo haiwezi kuwafilisi. Na kwa mashirika ya viwango, yaani TBS Tanzania Bara, ZBS Zanzibar na KEBS Kenya, wasikilizaji wangu wangependa kusikia kutoka kwenu, kwa Kiswahili cha wazi, ni rimoti zipi zinakubalika na zipi zirudishwe zilikotoka.

Leo usiku, watoto wakishalala, keti sakafuni mbele ya televisheni yako, macho yako yawe pale yalipo macho ya mtoto anayetambaa. Vuta unachoweza kukivuta. Tikisa meza. Fungua rimoti zote ulizonazo uone zipi zina betri ya duara. Utakachokiona kitakupa kazi ya kesho, na kazi yenyewe haihitaji zaidi ya bisibisi, mkanda na saa moja ya muda wako. Ukimaliza kwako, nenda kwa jirani ambaye watoto wako hutazama katuni kwake, umsaidie kufanya hivyohivyo.